Kioo cha Mashine na Macho ya Mzee

Kama nyumbani kwako yumo mzee anayeugua kisukari, ichukue leo ile mashine yake ya kupimia sukari ukitazame kioo chake kwa makini. Usitazame tarakimu peke yake. Tazama na yale maandishi madogo yaliyo kando ya tarakimu, ambayo aghalabu hatuyashughulikii. Huenda yakawa mmol/L, au huenda yakawa mg/dL. Mzee wako anayajua ni yapi?

Hospitali zetu za Tanzania hupima sukari ya damu kwa kipimo cha kwanza, yaani milimoli katika lita. Marekani hutumia cha pili, miligramu katika desilita. Kwa sukari, 1 ya kwetu ni sawa na 18 ya kwao. Sasa mfikirie bibi aliyezoea kuambiwa na daktari kwamba sukari yake ni 5 au 8, naye anapokea zawadi ya mashine mpya kutoka kwa mwanawe aliyeko Marekani. Anajitoboa kidole, anaweka tone la damu, na kioo kinamwonyesha 85. Katika mashine yake ya zamani nukta ilikuwa ndogo kama jicho la sisimizi, naye alikuwa akiikisia tu. Basi anaikisia na hapa isipokuwapo, anasoma 8.5, anaamini sukari imepanda. Kumbe 85 hiyo ni kama 4.7 ya kwetu, si mbali na mpaka wa chini. Akijiongezea insulini kwa hesabu hiyo, anaweza kupoteza fahamu, na wajukuu wakadhani bibi amejilaza tu.

Hatari hii imekwisha kuonekana. Mwaka 2005 FDA, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, ilitoa onyo juu ya mashine za kampuni ya Abbott ambazo kipimo chake kiliweza kubadilika bila mwenyewe kukusudia, kwa mfano alipokuwa akirekebisha saa na tarehe. Mashine nyingi za siku hizi hufungwa kiwandani zitumie kipimo kimoja tu. Hilo ni jema, lakini lina upande wake wa pili: ya Kimarekani itabaki ya Kimarekani hata ifikapo Tandika.

Watu husema wazee hawawezi mitambo. Mimi naona lawama hiyo imepelekwa kusikostahili. Tangu umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, na vitu vya karibu huonekana kwa shida. Baadaye lenzi hugeuka rangi kuelekea umanjano, na mboni husinyaa. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake karibu theluthi moja tu ya mwanga upokelewao na jicho la kijana wa miaka 20. Mtu huyo ndiye anayepewa tarakimu za kijivu juu ya kioo cha kijivu! Au programu ya simu inayotofautisha vidonge vya asubuhi na vya jioni kwa rangi ya buluu na ya kijani, rangi ambazo lenzi iliyokwisha kuwa ya manjano huzitenganisha kwa taabu. Miongozo ya kimataifa ya tovuti iliyotolewa mwaka 2008 inataka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake utofautiane kwa 4.5 kwa 1 au zaidi. Basi kanuni ipo. Anayeipuuza ni mchoraji.

Tena kuna zile tarakimu zilizoungwa kwa vijiti saba. Kijiti kimoja kikififia, 8 hugeuka 6, au 9, au 0. Na sukari ishukapo mno, mashine nyingi haziandiki tarakimu yoyote, bali LO, neno la Kiingereza lililokatwa mkia. Wakati ambapo mgonjwa anahitaji kuelezwa waziwazi kuliko wakati wowote, ndipo mashine inapomsemesha kwa fumbo.

Kwa hiyo, kabla hujalipa dukani, mwombe muuzaji aiwashe mashine, kisha mkabidhi mzee mwenyewe. Asome kwa sauti, bila wewe kumdokeza, na ikiwezekana mbali na taa kali za duka, maana nyumbani ataitumia alfajiri. Avibonyeze vitufe kwa vidole vyake vyenye kutetemeka. Akikosea, rudisha mashine hiyo, uulize nyingine. Kwa iliyokwisha kununuliwa, bandika plasta nyeupe mgongoni uandike kwa kalamu nene nyeusi jina la kipimo na viwango ambavyo daktari wake amempangia. Simu yake nayo ina mahali pa kukuza maandishi. Kazi hiyo haichukui dakika tano.

Na ndugu yako wa ng'ambo akipiga simu kuuliza alete zawadi gani, mwambie iwe ya mmol/L.