Timu 48, Mechi Ngapi?

Paukwa! Itikieni basi: Pakawa!

Palikuwa na timu 48, zote zikililia Kombe la Dunia la 2026. Mwanzoni FIFA ilipanga kuzigawa katika makundi 16 ya timu tatu tatu. Machi 2023 wakubwa wake wakakutana Kigali, Rwanda, wakabadili mpango: makundi 12 ya timu nne nne. Timu ni zile zile. Je, na mechi za makundi zilibaki zile zile?

Tusikimbilie kanuni. Chukueni kundi moja la timu nne, tuziite kwa rangi za jezi: Nyekundu, Njano, Kijani na Bluu. Nyekundu atacheza na wenzake watatu, kwa hiyo ana mechi tatu. Njano naye tatu, Kijani tatu, Bluu tatu. Nne mara tatu, kumi na mbili. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini, na alama zikapotea! Ile mechi ya Nyekundu na Njano tumemhesabia Nyekundu, kisha tukamhesabia na Njano, ilhali mpira umechezwa mara moja tu. Kila mechi imeingia mara mbili, basi gawanya kwa mbili: sita.

Msiniamini hivi hivi, hesabuni kwa vidole. Nyekundu na Njano, Nyekundu na Kijani, Nyekundu na Bluu. Njano na Kijani, Njano na Bluu. Mwisho Kijani na Bluu. Sita kamili.

Kundi la timu tatu linatoa mechi tatu. Sasa zidisheni kwa idadi ya makundi. Mpango wa kwanza: 16 mara 3, mechi 48. Mpango wa Kigali: 12 mara 6, mechi 72. Zimeongezeka 24 bila kuongezwa timu hata moja, kwa sababu anayeingia kundini hukutana na wote aliowakuta humo.

Ila angalieni mtego wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Simba na Yanga hukutana mara mbili, nyumbani na ugenini. Ligi ikiwa na timu 16, kila moja ina wapinzani 15, jumla mechi 240, na hapo hatugawanyi kitu.

Haya, zamu yenu. AFCON yenye timu 24 ina makundi sita ya timu nne nne. Mechi za makundi ni ngapi? Atakayeniletea 72 amesahau kugawanya kwa mbili.