Kichwa cha habari kinapong'aa kuliko dhahabu

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga kuna bidhaa isiyopimwa kwa mizani wala kutozwa mrabaha: kichwa cha habari cha mtandaoni. Nayo ina soko lake. Mwenye tovuti hulipwa na watangazaji kwa kadiri kurasa zake zinavyofunguliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliopima vichwa zaidi ya 100,000 vya tovuti ya Upworthy ya Marekani, ulionyesha kuwa kila neno hasi lililoongezwa kwenye kichwa cha urefu wa kawaida liliongeza wafunguaji kwa asilimia 2.3.

Si lazima kichwa kiwe cha uongo. Julai 2017, Mamlaka ya Mapato (TRA) iliidai Acacia, yenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, dola bilioni 190: kodi bilioni 40, riba na adhabu bilioni 150. Dai hilo lilikuwepo kweli. Wananchi walipandwa na hasira, kisha matumaini, hadi ikasemwa mitaani kuwa kila Mtanzania atapata gari aina ya Noah. Ni wachache waliolinganisha: kiasi hicho kilizidi mara tatu pato la taifa la mwaka mzima.

Acacia ilikuwa imeorodheshwa London na Dar es Salaam, na mwaka huo hisa zake zilianguka vibaya London. Oktoba 2019, Barrick ilikubaliana na Serikali kulipa dola milioni 300, Serikali ikipata pia hisa asilimia 16 katika migodi. Kwa fedha za malipo peke yake, hiyo ni dola 1 kwa kila dola 633 zilizodaiwa.

Hapo ndipo penye somo kwa mwekezaji mdogo. Kabla ya kununua au kuuza, aulize: hili ni dai, makubaliano, au fedha zilizokwisha kulipwa?

Muuzaji wa dhahabu naye ana hesabu yake. Akisoma kwamba bei "imevunja rekodi", akumbuke kuwa bei ya London ni ya dhahabu safi, kwa aunsi ya gramu 31.1. Dhahabu yake itapimwa usafi kwanza sokoni, kisha itakatwa mrabaha na tozo. Kinachobaki ndiyo bei yake, na kwa kawaida hakiandikwi kwenye kichwa cha habari.