Kazi Ina Mwenyewe: Kuwajulisha Watoto Nyumbani Wachoraji na Watunzi

Mtoto aliyezaliwa Kaloleni, katika jiji la Arusha, hulisikia jina la Sheikh Amri Abeid kabla hajajua kusoma, kwa kuwa ndilo jina la uwanja wa mpira uliomo katika kata yao, na ni jina linalotamkwa na makondakta wa daladala, na wachuuzi, na watangazaji wa redio, na kila mtu amwelekezaye mgeni njia. Walakini ukimuuliza mtoto huyo, na pengine ukimuuliza baba yake pia, Sheikh Amri Abeid alikuwa nani, aghalabu utajibiwa kwamba huo ni uwanja.

Alikuwa mshairi. Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mwanachuoni wa dini, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri katika serikali ya Tanganyika, na alipofariki mwaka 1964, katika umri ambao wengi ndio kwanza huanza kazi zao kubwa, alikuwa amekwisha kuiachia lugha yetu kitabu cha thamani, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotolewa mwaka 1954, ambamo aliziweka bayana kanuni za vina na mizani ili kijana yeyote mwenye hamu ya kutunga apate pa kuanzia. Jina lake lilipowekwa juu ya uwanja liliwekwa ili akumbukwe. Nasi tumelihifadhi jina na kumsahau mwenyewe.

Muradi wa makala haya ni kuwaeleza wazazi na walezi kwamba elimu ya sanaa haianzi na kinanda wala brashi, wala hailazimiki kumngoja mwalimu wa shule, bali huanza siku ile mtoto anapotambua kuwa wimbo anaouimba na picha anayoitazama vilitoka katika fikira na mikono ya mtu mwenye jina, aliyezaliwa mahali fulani, aliyepata taabu na furaha kama watu wote. Mtoto aliyekwisha kutambua hayo huwastahi waliomtangulia, na fauka ya hayo hupata ushahidi kwamba yeye naye aweza kutunga na kuchora. Na mahali panapofaa kwa somo hili ni nyumbani, maana shuleni mwalimu mmoja ana watoto wengi na mtihani unamkabili, ilhali mzazi ana wasaa wa jioni na mtoto aketiye karibu naye.

Mwanzo mwema ni wimbo ambao kila mwanafunzi wa Tanzania huuimba akiwa amesimama wima. Mahadhi ya Wimbo wetu wa Taifa yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, ambaye hakuwa mtu wa cheo wala wa mali, na ambaye alifariki mwaka 1905 bila ya kudhani kwamba wimbo wa wanafunzi wake ungekuwa wimbo wa mataifa. Tanganyika iliyachukua mahadhi hayo ilipojitawala mwaka 1961, Zambia ikayachukua kwa maneno yake, na Afrika Kusini ikayaingiza katika wimbo wake wa taifa. Lakini kaburi la Sontonga lilikaa miaka mingi bila kujulikana lilipo, kwa sababu katika daftari la makaburi aliandikwa kwa jina lake la kwanza tu. Lilipotambuliwa, serikali ya Nelson Mandela ililitangaza mwaka 1996 kuwa kumbukumbu ya taifa. Msimulie mtoto kisa hicho jioni moja, na kesho yake asubuhi, atakaposimama mbele ya bendera, atakuwa akiimba wimbo wa mtu anayemjua.

Kutoka Kaloleni, ukishika barabara ya Moshi mpaka ng'ambo ya Tengeru, utafika Makumira, chini ya Mlima Meru, ambako Walutheri wana chuo chao. Hapo ndipo mwaka 1966 mwanafunzi wa uchungaji kutoka nchi ya Wahaya, Bernard Kyamanywa, alipoandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, akautia katika mahadhi ya asili ya kwao. Na wimbo huo ulivuka bahari, ukatafsiriwa, ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ujerumani na Marekani, hata leo watu wasiojua Meru iko wapi huuimba kila mwaka. Je, ni watoto wangapi wa Arusha waimbao katika kwaya siku ya Pasaka ambao wamepata kuambiwa kwamba wimbo huu uliandikwa karibu na kwao, na mtu aliyekuwa bado mwanafunzi?

Mzazi akiisha kufika Makumira ana njia ya kumpeleka mtoto mbali zaidi. Wamisionari waliojenga vituo vya Kilutheri Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904 walitumwa na misheni ya Leipzig, na Leipzig ndio mji ambao Johann Sebastian Bach, mmoja wa watunzi wakubwa kabisa waliopata kutokea duniani, aliongoza muziki wa makanisa tangu mwaka 1723 hata alipofariki mwaka 1750. Bach alizaliwa mwaka 1685, akawa yatima wa baba na mama akiwa anakaribia umri wa miaka 10, akalelewa na kaka yake. Na husimuliwa kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha muziki alichokifungia kabatini, naye Bach akawa akikitoa usiku kwa siri na kukinakili kwa mwangaza wa mwezi. Alipokuwa baba, mwaka 1720, alimwandalia mwanawe wa kwanza wa kiume, Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na miaka 9, kijitabu cha mazoezi, kinachoanza na mambo mepesi na kupanda hatua kwa hatua. Na miongoni mwa wanawe wakatoka watunzi mashuhuri. Muziki unaosomwa leo katika vyuo vikubwa vya dunia ulikuwa kwanza somo la mtoto nyumbani kwa baba yake.

Wala jambo hilo si la Wazungu peke yao. Mwana Kupona binti Msham, katika upwa wa Lamu na Pate, alitunga mwaka 1858 utendi wa kumuusia binti yake, na wasia huo wa mama kwa mwanawe umekuwa mojawapo ya kazi kuu za ushairi wa Kiswahili. Kadhalika shule ya sanaa ya Makerere, iliyolea wachoraji wengi wa Afrika Mashariki, ilianza mwaka 1937 barazani pa nyumba ya Bibi Margaret Trowell, ambaye aliwasimulia wanafunzi wake kisa, kisha akawaacha wakione kwa macho ya moyo kabla hawajashika rangi.

Mmoja wa waliosoma kwa Bibi Trowell alikuwa jirani yetu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alizichora shughuli za watu wa mlimani, kulima, kuvuna, kujenga na kuoza, akasoma baadaye London na kuwa balozi wetu huko katika miaka ya kwanza ya uhuru. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Mtoto wa Kichaga au wa Kimeru, ambaye amepata kuona arusi katikati ya migomba, hahitaji mfasiri wa picha hiyo. Analohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba ipo.

Na ziko picha ambazo mtoto wa Arusha huzipita kila siku. Katika maduka ya vinyago na katika soko la watalii zimetundikwa picha za chui, ndege na twiga, zenye rangi zing'aazo na mistari ya kukata, nazo huitwa tingatinga. Na wengi hudhani hilo ni jina la mtindo tu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na kiasi cha mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya mbao laini za dari kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, maana ndiyo aliyoweza kuipata, akiuza kazi zake Oyster Bay na kuwafundisha jamaa zake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka isiyozidi minne hivi. Wanafunzi wake wakaiendeleza kazi, na leo mtindo wake umewalisha mamia ya watu na kulipeleka jina la nchi yetu Japani na Ulaya. Kisa hiki kina huzuni, wala si lazima mtoto mdogo aelezwe chote kwa mara moja. Lakini aelezwe kwamba mtu asiyekuwa na shule ya uchoraji wala fedha ya rangi za ghali alianzisha jambo lililodumu kuliko umri wake.

Yafaa sasa kueleza namna ya kufundisha. Kwanza, mzazi achague mtu mmoja tu kwa muhula mzima, kwa kuwa majina mengi yakimiminwa kwa pamoja hayakai. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923 na ambaye mawazo yake yanafuatwa hata leo na wazazi wengi wafundishao nyumbani, aliagiza msanii mmoja kwa muhula na picha zake sita hivi, na utaratibu wake ni mwepesi: mtoto huitazama picha kwa utulivu mpaka aweze kuiona akifumba macho, kisha picha hufunikwa, naye hueleza alichokiona. Mzazi asimkatize wala asimsahihishe. Baada ya maelezo, wafunue tena na kutazama kilichosahauliwa. Picha za Ntiro na Tingatinga hupatikana katika simu iliyo mkononi mwa mzazi.

Wimbo nao una utaratibu wake. Usikilizwe mara ya kwanza pasipo mazungumzo; mara ya pili mtoto aseme amesikia ala zipi, na sauti ipi inaongoza na zipi zinaitikia; mara ya tatu apige makofi kufuata mwendo wake. Kisha ndipo isimuliwe habari ya mtunzi au mwimbaji. Siti binti Saad, kwa mfano, alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, akauza vyungu kabla ya kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili katika sahani za santuri zilizosikilizwa pwani yote. Na mwandishi Shaaban Robert aliona maisha ya Siti yanastahili kitabu kizima. Mtoto akiyajua haya, akamsikiliza tena, atasikia zaidi ya aliyoyasikia kwanza. Baada ya Siti waweza kufuata Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro na gitaa lake, na Hukwe Zawose aliyeupeleka muziki wa Wagogo duniani, na Bach wa Leipzig, kila mmoja kwa zamu yake.

Mwisho wa kila muhula mtoto atende kwa mkono wake. Kipande cha mbao ya dari kilichobaki kwa fundi, makaa ya jikoni, kopo la rangi lililokwisha kutumika, beti mbili zenye vina alizozitunga mwenyewe. Hivyo vyatosha, ilimradi aandike jina lake chini ya kazi na kuwaonyesha wageni. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa, na tuzo ya kwanza ya mtoto ni mzazi anayeacha shughuli zake akaitazama kazi hiyo kwa makini.

Wako wazazi Waislamu wasiopenda picha za viumbe zitundikwe nyumbani, na dhamiri yao yastahili heshima. Uwanja wao ni mpana vilevile, maana wana khati, wana nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu, na wana bahari ya ushairi tangu Mwana Kupona na Muyaka bin Haji wa Mombasa hata Sheikh Amri Abeid mwenyewe. Wako pia wanaosema kwamba sanaa haimpi mtoto ugali. Hao nawajibu kwa adabu kwamba Arusha ni mji unaokula kwa watalii, na watalii hao hununua vinyago na picha kila siku. Mtoto ajuaye historia ya kazi hizo, na thamani ya aliyezitengeneza, hatakubali kuuza kwa bei ya kutupa kazi ya mikono yake wala ya mikono ya mwenziwe.

Kwa hiyo, mzazi wa Kaloleni, Jumamosi ijayo utakapompeleka mwanao uwanjani, fika mapema kidogo, msimamishe mbele ya lile jina lililoandikwa, na umweleze kwamba huyu alikuwa mshairi, alizaliwa Ujiji, na aliandika kitabu cha kuwafunza vijana kutunga. Kisha jioni, mkirudi nyumbani, mpe karatasi na kalamu.