Mkristo Aliyekaa na Wagonjwa wa Wajir

Sisi watu wa Pwani, tangu Krapf na Rebmann waweke misheni yao Rabai mwaka 1846, tukisikia msaada wa Wakristo huuliza kwanza: nyuma yake mna nini? Suala hilo si la chuki. Dawa na masomo tumeviona vikija sanjari na maji ya ubatizo. Leo namtaja mwanamke ambaye suala hilo lilimwandama miaka zaidi ya thalathini.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria. Alikuja Kenya mwaka 1969 kufundisha, kisha akakaa Wajir, mji wa Wasomali Waislamu. Hakuwa sista wa shirika lolote. Aliishi kimaskini, kichwa kimefunikwa, na fedha za kazi yake nyingi zilitoka kwa jamaa na marafiki wa kwao. Ukristo wake hakuuficha, wala hakumhubiria mtu.

Kazi aliyoishika ni kuuguza wenye kifua kikuu, na hapa yafaa nitue kidogo. Dawa za maradhi haya humezwa miezi mingi, lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache, akajiona mzima. Mchunga ngamia naye hangoji: mvua ikinyesha kwengine, watu wake huhama, naye huhama nao. Maradhi yakirudi, yamekuwa sugu. Isitoshe, kifua kikuu kilikuwa aibu, na mwenye nacho hufichwa. Mwaka 1976 Annalena akaanzisha manyata ya wagonjwa, vibanda vya namna wanavyovijua wahamaji wenyewe. Mtu akakaa humo miezi sita, akimeza dawa huku akitazamwa. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaieneza njia ya kumezesha dawa hivyo katika nchi nyingi.

Chuoni tulifunzwa kuiogopa riya, na kwamba mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Wangapi kati yetu wajua kuwa Injili ya Mathayo nayo ina fundisho hilo hilo? Mimi sina fatwa ya kutoa juu ya amali za asiyekuwa Mwislamu. Hayo nawaachia masheikh. Nisemalo ni kuwa kumwosha mkohozi wa damu hakuna mtazamaji wa kukushangilia.

Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilitaja maiti 57. Wenyeji hutaja mamia kwa mamia. Annalena alikwenda kuokota majeruhi na maiti, tena akapeleka habari nje. Mwaka 1985 ikambidi aihame Kenya. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, suala letu lilipojibiwa: mwenye kutafuta waumini angalinyamaza, akabaki na manyata yake.

Alikwenda Somalia, na mwishowe Borama, kaskazini, akafungua hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Baadhi ya watu walimtupia mawe. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen ya wahudumu wa wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi, akafa, palepale hospitalini kwake.