Jamaa Waliopotea Katika Msitu wa Amazon

Ndugu msomaji, uingiapo katika chombo ndani ya mto usioujua, maisha yako na ya wanao huwa mikononi mwa mpiga kasia. Bibi Isabel Godin alijifunza jambo hili kwa uchungu mkubwa.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1728 katika nchi ambayo leo huitwa Ekuador. Mumewe, Mfaransa aitwaye Jean, aliteremka Mto Amazon mwaka 1749 akikusudia kurudi kumchukua. Vibali vya wafalme havikupatikana, akakwama ng'ambo ya pili ya bara miaka 20. Ilipofika habari kwamba mashua inamngoja bibi huko chini mtoni, aliondoka Riobamba tarehe 1 Oktoba, 1769, pamoja na kaka zake wawili, mtoto wa kaka yake, watumishi, na wapagazi 31.

Walipofika Canelos walikuta kijiji kitupu. Ndui ilikuwa imekipiga. Wapagazi wakatawanyika kwa hofu. Wenyeji wawili waliwachongea mtumbwi na kuwaongoza katika Mto Bobonaza, lakini usiku mmoja nao wakatoweka. Mgonjwa mmoja akakubali kushika usukani. Siku chache baadaye akazama akijaribu kuokota kofia iliyoanguka majini.

Joaquín, mtumwa wa bibi, alitangulia kutafuta msaada. Waliobaki walingoja siku 25, kisha wakaunda chelezo. Chelezo kikagonga mti, kikapinduka, na chakula kikapotea. Wakashika njia kwa miguu ukingoni. Kwa kuwa mto ule hupindapinda, waliona heri wakate njia ya mkato ndani ya msitu. Huko wakapotea, wakafa mmoja mmoja kwa njaa, kiu na uchovu.

Bibi Isabel peke yake ndiye aliyenyanyuka. Alikata soli za viatu vya kaka yake marehemu, akazifunga miguuni, akatangatanga siku kadhaa hadi alipowakuta wenyeji kando ya mto. Wakamlisha, wakamfikisha Andoas. Naye akawapa mikufu miwili ya dhahabu aliyokuwa ameivaa, lakini padri wa misheni akawanyang'anya palepale na kuwapa vitambaa duni. Bibi akakasirika mno, akataka mtumbwi na kuondoka mara moja.

Mwaka 1770 alikutana tena na mumewe, na mwaka 1792 akafia Ufaransa.

Tunajifunza nini, msomaji? Jamaa hawa walikuwa watu wa mali, lakini mali haikuwapigia kasia. Kila walipokuwa na mwenye kuujua mto, walisonga mbele. Kila walipomkosa, waliangamia. Basi usafiripo na watoto wako, mheshimu nahodha, sikiliza neno lake, na umlipe haki yake. Bibi Isabel aliijua thamani ya watu hao kuliko yule aliyewanyang'anya mikufu.