Kuijenga Kompyuta ya Mtoto kwa Mikono ya Nyumbani

Msimu wa mavuno unapomalizika mkoani Singida, alizeti ikiwa imekwishauzwa viwandani na vitunguu vikiwa vimepakiwa kwenye malori, familia nyingi huketi kupanga matumizi ya mwaka. Ada ina nafasi yake, sare zina nafasi yake, na mabati ya nyumba isiyokwisha yana nafasi yake. Siku hizi limeongezeka jambo jingine katika orodha hiyo, nalo ni kompyuta ya mtoto.

Haja hiyo si ya anasa. Kijana aliyehitimu kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Anayetafuta ajira serikalini hupeleka maombi yake kwa njia hiyo hiyo. Binti anayesoma Taasisi ya Uhasibu, Kampasi ya Singida, atatakiwa kupanga hesabu katika majedwali na kuandika ripoti ya kurasa nyingi. Simu ya mkononi husaidia mengi, lakini kazi hizo huibana. Asiye na kompyuta huhesabiwa dakika katika duka la huduma za mtandao, na kazi zake zote hubaki ndani ya mashine ya watu wengine.

Kwa kuwa kompyuta mpakato mpya, ambayo wengi wetu huiita laptopu, ina bei inayomlemea mkulima na mfanyabiashara mdogo, wazazi kadhaa huuliza kama inawezekana kununua kiwiliwili kitupu, kisha vipande vingine kimoja kimoja, na kuiunganisha nyumbani. Tumeona ni vema tulifafanue jambo hili kwa utulivu, kwa sababu fedha inayozungumzwa hapa ni jasho la mwaka mzima.

Nini hujengeka, na nini hakijengeki

Kompyuta ya mezani hujengwa kama nyumba: unachagua kasha, ubao mama ambao mafundi huuita madabodi, prosesa, na kila kitu hununuliwa mahali pake. Laptopu haiko hivyo. Kila kiwanda hutengeneza kasha lake kwa umbo lake, na ubao mama wa kampuni moja hauingii katika kasha la nyingine. Zaidi ya hayo, tangu takriban mwaka 2015 prosesa za Intel za laptopu huchomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Kwa hiyo kasha, ubao mama, prosesa, kioo na kibodi huja pamoja kama kitu kimoja. Kinachobaki kwa mjengaji ni kumbukumbu ya RAM, diski ya kuhifadhia kazi, kadi ya mtandao usiotumia waya, betri, chaja na programu.

Duniani zipo kampuni zinazouza kiwiliwili cha namna hiyo kikiwa kipya. Clevo ya Taiwan imejulikana kwa miaka mingi kwa kutengeneza viwiliwili ambavyo wauzaji wengine huvikamilisha na kuvipa majina yao. Framework ya Marekani, iliyotoa laptopu yake ya kwanza mwaka 2021, huuza pia toleo ambalo mnunuzi mwenyewe hutia RAM, diski na programu.

Hata viwanda vya jirani zetu vimepita njia ya kuunganisha. Kiwanda cha Positivo BGH kilianza kuunganisha laptopu mjini Kigali mwaka 2015. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilishirikiana na kampuni hiyo hiyo, na Chuo Kikuu cha Moi kikashirikiana na JP Sá Couto ya Ureno, kuunganisha vifaa vya mpango wa kompyuta za shule za msingi ulioanza kutekelezwa mwaka 2016. Vipande vilitoka ng'ambo, lakini mikono iliyoviunganisha na ujuzi uliobaki ni vya hapa kwetu.

Kiwiliwili cha mkulima wa Singida

Kwa mzazi wa Ipembe, Kiomboi au Manyoni, kiwiliwili cha kweli si kile cha Taiwan. Ni laptopu iliyokwisha kutumiwa ofisini Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, kisha ikaletwa Dar es Salaam na kuuzwa Kariakoo. Makampuni na mabenki, kwa kulinda siri zao, mara nyingi hung'oa diski kabla ya kuziuza mashine zao kuukuu; nyingine huwasili pia bila RAM au zikiwa na betri iliyochoka. Mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kazi za ofisi, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Mfano mmoja ni Lenovo ThinkPad T480, na mwingine ni HP EliteBook 840 G5. Zote mbili zina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4, na zote hupatikana zikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nane. Kizazi hicho kina maana kubwa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho cha nane, isipokuwa chache za kabla yake. Anayenunua kiwiliwili cha zamani zaidi kwa sababu ya urahisi wa bei ajue mapema kwamba atalazimika kutumia programu ya namna nyingine.

Yampasayo mnunuzi kuyachunguza

Kwanza, kiwiliwili kiwashwe mbele yako. Hata bila diski, mashine nzima huweza kufungua ukurasa wa mipangilio ya awali ikiwa imetiwa RAM ya kujaribia. Ukurasa huo ukidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Huenda ni kufuli la kampuni iliyoiuza, na huenda mashine hiyo iliibwa. Mali ya wizi haisafiki kwa kupita mikono mingi, wala elimu ya mtoto isijengwe juu yake.

Pili, tazama kioo kikiwa cheupe na kikiwa cheusi, bonyeza kila herufi ya kibodi, jaribu kila tundu, na uhakikishe bawaba za mfuniko hazijalegea. Vitu hivi ndivyo ghali kubadilisha. RAM mbovu ni hasara ndogo, lakini kioo kilichopasuka huweza kula faida yote ya kujenga.

Tatu, oanisha vipande na mashine. RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, na ya DDR4 ina pini 260. Pengo la katikati limewekwa mahali tofauti, kwa hiyo moja haiingii mahali pa nyingine hata ukilazimisha. Diski ndogo bapa za M.2 nazo ni za namna mbili, SATA na NVMe, na kufanana kwa umbo si dalili kwamba mashine yako huzikubali zote. Andika jina kamili la mashine kutoka kwenye kibandiko cha chini, kisha ndipo uagize. Kwa kazi za masomo, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 hutosha. Anayelazimika kuchagua kati ya RAM nyingi na SSD, aanze na SSD, kwani ndiyo inayoifufua mashine kuukuu kuliko kitu kingine.

Nne, dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na jina la kifaa liandikwe. Safari ya kutoka Kariakoo hadi Singida ni ndefu, na kosa lililogunduliwa nyumbani huongeza nauli juu ya hasara.

Haki za muuzaji na mnunuzi

Hapa dini yetu ina la kusema, kwa kuwa biashara ya vitu vilivyotumika ni mlango mpana wa hadaa. Mafakihi wameiweka wazi haki ya mnunuzi kukirudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo naye hakuijua. Baadhi ya maduka hubandika tangazo kwamba bidhaa ikishatoka haipokelewi tena. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea kwetu, sharti kama hilo halimwondolei dhima muuzaji wa chombo aliyeijua kasoro akaificha. Naye mnunuzi ana wajibu wake: kilichovunjika mkononi mwake wakati wa kufungua, asikirudishe akidai alikikuta hivyo.

Lipo pia jambo la siri za watu. Ukinunua diski iliyotumika, huenda ndani yake zimebaki picha na barua za mwenyewe wa kwanza. Kuzipekua ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Diski ifutwe yote kabla ya kuanza kutumika, na mtoto afundishwe kwa nini. Siku ukiiuza yako, fanya vivyo hivyo.

Siku ya kuunganisha

Singida ni nchi ya upepo na vumbi wakati wa kiangazi, na hewa kavu huzalisha umeme tuli mwilini. Cheche ndogo tusiyoihisi huweza kuunguza RAM. Chagua chumba kilichofagiliwa na kunyunyizwa maji mapema, weka meza tupu, acha shuka la nailoni, na uguse chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika kipande chochote. Kipande kishikwe pembeni, wala si penye pini.

Zima mashine, chomoa chaja, toa betri. Mashine yenye betri ya ndani hufunguliwa mfuniko wa chini kwanza, kisha waya wa betri hiyo huchomolewa kabla ya kugusa kingine. Panga skrubu kwenye karatasi kwa kufuata mahali zilipotoka, kwani urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingia mahali pa fupi huweza kutoboa ubao. RAM huingizwa kwa kuinamishwa, kisha hubonyezwa hadi vishikizo vya pembeni vilie. Diski ya M.2 huingizwa vivyo hivyo na kufungwa kwa skrubu moja. Feni isafishwe kwa brashi laini. Ikiwa mashine hupata joto kupita kiasi, ile dawa iliyokauka kati ya prosesa na kipoozeo hufutwa kwa spiriti na kupakwa mpya kidogo. Kazi hii ya mwisho ni afadhali isimamiwe na fundi.

Betri iliyovimba isitobolewe wala kubanwa irudi mahali pake. Betri za lithiamu zikitobolewa hushika moto. Iondolewe polepole, iwekwe mbali na watoto na jua, na ipelekwe kwa fundi anayejua kuihifadhi.

Kisha programu. Asiyetaka kununua leseni ya Windows asikimbilie nakala za kuiba, ambazo mara nyingi huja na virusi. Ipo Linux, ambayo hutolewa bure kwa ruhusa ya waliyoitengeneza. Toleo la Ubuntu lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na mwaka huo huo mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Flashi ya GB 8 hutosha kubebea programu ya kusimika, na upakuaji ufanywe mara moja kwa bando la usiku, kisha majirani waazimane flashi hiyo.

Hesabu ya mwisho

Kabla ya kutoa fedha, chukueni karatasi, baba na mama pamoja, muandike safu mbili. Ya kwanza ni bei ya kiwiliwili, RAM, diski, betri, chaja, nauli au gharama ya kusafirisha, na ujira wa fundi endapo atahitajika. Ya pili ni bei ya mashine kama hiyo hiyo iliyo kamili, iliyojaribiwa, yenye dhamana hata ya mwezi mmoja. Safu ya kwanza isipopungua kwa kiasi cha kuonekana, nunueni iliyo kamili bila haya. Kujenga hufaa hasa pale ambapo kiwiliwili kizima tayari kimo ndani ya nyumba, labda laptopu ya mjomba iliyofungiwa kabatini kwa sababu ya diski iliyokufa, au pale ambapo mtoto mwenyewe anataka kujifunza.

Na mtoto huyo mketisheni mezani, awe wa kiume au wa kike. Aisome namba ya RAM, apange skrubu, aone mahali joto linapotokea na mahali kazi yake inapohifadhiwa. Siku mashine itakapokataa kuwaka usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ya maombi, atajua kuchomoa betri, kuibonyeza upya RAM na kujaribu tena, kabla ya kuanza kumtafuta fundi mjini.