Shamali Haivumi kama Kusi: Kusoma Utabiri wa Upepo Ukiwa Mgeni Qatar

Mwezi wa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, bendera za Umm Salal mara nyingi huwa zimelegea. Simu inasema leo upepo utafika noti 20, yaani maili 20 za bahari kwa saa, kutoka kaskazini-magharibi. Kijana aliyejifunza mchezo wa kaiti Paje au Diani, ambaye siku hizi kazi imemleta Qatar, akichungulia dirishani anaweza kudhani simu inamdanganya. Ifikapo saa nne, vumbi linatimka kando ya barabara ya Al Shamal na bendera zilezile zimekakamaa. Simu ilisema kweli, na dirisha pia. Mgeni alichokosa ni kujua upepo huu unazaliwa na nini, na asipojua hilo tarakimu ya noti haimfai kitu.

Nyumbani alizoea pepo pana. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kusi, ambayo hupamba moto kuanzia Juni, huvuka maelfu ya kilomita za Bahari ya Hindi kabla ya kugusa mwamba wa Paje. Hufika pwani ya mashariki ya Unguja zikitoka moja kwa moja baharini, hazijapita juu ya mji wala jangwa. Hata modeli ya kompyuta iliyo butu huzikamata bila shida. Tena mtu akikatikiwa na kamba zake, mara nyingi upepo wenyewe humsukuma kuelekea nchi kavu.

Qatar ni rasi iliyochomoza ndani ya Ghuba, urefu wake kama kilomita 160 kutoka kusini hadi kaskazini. Umm Salal iko kaskazini ya Doha, kilomita chache tu kutoka pwani ya mashariki. Modeli ya Marekani iitwayo GFS, ambayo programu nyingi za bure huitegemea, hutoa takwimu zake kwa miraba ya robo digrii, takriban kilomita 28 kila upande. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kubeba uwanda mkavu wa Umm Salal, maghorofa ya Lusail na maji ya bahari, kisha vyote vikapewa upepo mmoja. Modeli ya kituo cha Ulaya, ECMWF, ina miraba ya kilomita 9 hivi, kwa hiyo ukingo wa pwani huonekana vizuri zaidi. Hata hivyo, tarakimu inayotolewa ni ya kimo cha mita 10, na ni wastani. Ardhi na majengo huukwaza upepo. Maji huuachia ukimbie. Ndiyo maana upepo wa pale unapolala haukuambii kitu cha uhakika kuhusu upepo wa pale utakapoingia majini.

Jambo moja linamrahisishia kazi Mswahili: Doha, Nairobi na Dar es Salaam zina saa ileile, saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. GFS huanza hesabu mpya mara nne kwa siku, na kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Matokeo hutoka saa kadhaa baadaye. Anayesoma simu alfajiri kwa kawaida bado anasoma hesabu iliyoanza saa tatu usiku wa jana. Angoje kidogo, kisha asome tena.

Sasa turudi kwenye upepo wenyewe. Shamali ya kiangazi, yaani upepo huo wa kaskazini-magharibi, hutokana na mvutano kati ya mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kaskazini-magharibi mwa Bara Arabu na mgandamizo mdogo unaotengenezwa na joto juu ya Iran na Pakistani. Hewa hushuka kwa kasi kupitia Iraq na kuifuata Ghuba. Manahodha waliorejea na kusi kutoka Mombasa na Unguja waliijua tabia yake: wakishavuka Hormuz, ilikuwa ikiwapiga usoni wakielekea Kuwait.

Usiku, jangwa hupoa haraka. Hewa iliyogusa ardhi huwa baridi na nzito, hujitenga na hewa ya juu yake, na shamali huendelea kuvuma kwa nguvu mita mia chache angani huku chini kukiwa kimya. Jua likichomoza, ardhi hupata joto, hewa ya chini hupanda na kuchanganyika na ya juu, na kasi iliyokuwa angani huteremshwa hadi usawa wa watu. Bendera zilizolegea alfajiri zilikuwa chini ya upepo ambao tayari ulikuwapo. Mgeni anayesoma safu ya saa baada ya saa, badala ya tarakimu kubwa ya siku nzima, ataliona ongezeko hilo waziwazi.

Kuna ugumu mmoja mzito hapa. Kuanzia Juni mosi hadi Septemba 15, sheria ya Qatar hukataza kazi za juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kwa sababu joto la saa hizo linaua. Mara nyingi ndizo saa ambazo shamali huvuma vizuri zaidi. Sheria ile ni ya kazini, lakini mwili haujui tofauti kati ya kibarua na mchezo.

Ukishasoma saa, tazama mwelekeo. Utabiri hutaja upepo unakotoka, na kaskazini-magharibi ni nyuzi 315. Upande wa mashariki wa Qatar, shamali huja ikiwa imeshavuka nchi kavu, na kwa aliye majini ufuo mwingi huko uko joshini, yaani upande upepo unakotoka: upepo unampeleka mtu kwenye maji wazi. Humfikia pia ukiwa umevunjwavunjwa na majengo. Kwa hiyo mimi ningeanza kutazama nafasi kati ya wastani na mapigo ya ghafla, kabla hata ya wastani wenyewe. Mvuto wa kaiti hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka noti 15 hadi 20 nguvu huongezeka karibu mara 1.8. Aliyechagua kaiti ya mita za mraba 12 kwa kufuata wastani, pigo moja linaweza kumnyanyua.

Majira ya baridi ndiyo humtega mgeni hasa. Kati ya Desemba na Machi, kabla ya mpaka wa hewa baridi kufika, upepo wa kusini-mashariki huvuma siku moja au zaidi, laini, ukitoka baharini, unaofanana mno na kusi ya nyumbani. Kisha mpaka unapita. Katika dakika chache upepo hugeuka ukawa kaskazini-magharibi, joto linashuka, na ule uliokuwa ukimrudisha mtu ufukoni sasa unamtoa. Hewa baridi pia ni nzito: ya nyuzi 15 inaizidi ya nyuzi 40 kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo noti zilezile huvuta zaidi. Modeli hujua kwamba mpaka unakuja. Saa kamili ndiyo huzikosesha, na kosa la saa mbili au tatu ni la kawaida.

Dawa yake ni kutazama upepo ulioko joshini kwako. Pamoja na maonyo ya bahari ya Idara ya Hali ya Hewa ya Qatar, soma taarifa za viwanja vya ndege, ambazo ni vipimo halisi. Mpaka ule hupita Kuwait kwanza, zaidi ya kilomita 500 kutoka Doha, kisha Bahrain, kisha hufika Qatar. Alama ya uwanja wa Bahrain ni OBBI, na ya uwanja wa Hamad wa Doha ni OTHH. Ukiona 32018G28KT, maana yake upepo unatoka nyuzi 320, noti 18, mapigo hadi 28. Kuwait ikishageuka namna hiyo huku Doha bado ni kusini-mashariki, una saa kadhaa. Bahrain ikigeuka, shusha kaiti, kunja kamba, utoke majini.